Plamu za Eliakunda

Watu wa chini ya mlima, wa Same mjini na wa mashamba ya mkonge, wakisikia neno gongo wanafikiria kitu kimoja tu: kinywaji cha kuunguza koo, kilichotiwa kwenye chupa ya soda na kuzibwa kwa gunzi. Sibishi, kipo. Lakini kuita gongo kila kinachotoka kwenye bomba ni uvivu wa ulimi. Mimi Evaline nilifundishwa kazi hii na dada yangu Eliakunda, na nitasema kilichopo. Asiyetaka kusikia aende zake, njia anaijua.

Kuna ya ndizi, ambayo kila mtu anaijua na haina heshima. Kuna ya fenesi, ambayo harufu yake inakupokea mlangoni kabla mwenye nyumba hajakukaribisha. Ya mapera huanza na ukali, halafu inatulia. Ya zambarau tulipika pale tu Ikupa, mwanamke wa Mbeya aliyefanya kazi ya mkonge huko bondeni, alipotuletea gunia. Ni nyepesi, inakausha ulimi, na wanaume huidharau mpaka wajaribu kusimama. Ya pichesi ni ya wageni. Unaionja, unafikiri umedanganywa, unaweka kikombe chini, ndipo harufu ya tunda inapokurudia puani wakati unazungumza mambo mengine. Na juu ya zote kuna ya plamu. Hiyo dada yangu hakumpa mtu asiyempenda.

Kazi yenyewe si siri. Plamu zinaachwa mtini mpaka zinapasuka, zinapondwa kwa mikono, zinafunikwa chunguni zichachuke mpaka povu litulie. Hapo una divai. Divai hiyo ukiiweka kwenye pipa juu ya moto mdogo, mvuke wake unapita kwenye bomba la shaba, na bomba tunalilaza ndani ya mfereji unaotoka kwenye ndiva, bwawa la ukoo wetu la kumwagilia mashamba, maana maji ya mlimani ni baridi mchana na usiku. Upande wa pili inadondoka kali, nyeupe, safi. Yale maji ya kwanza kudondoka tunayamwaga, maana yana sumu. Mtu asiyemwaga maji ya kwanza ni muuaji, na dada alikuwa akilisema hilo mbele ya yeyote, hata mbele ya wauzaji wenyewe.

Bibi yetu alituambia kwamba kengele ya kanisa na miche ya plamu vilipanda mlima huu siku moja, vimebebwa na mabega yale yale. Mmisionari akaitundika kengele mnarani, akapanda miche nyuma ya jiko lake, akamfundisha babu yetu, aliyekuwa mpishi wake, kupika plamu, kwa sababu mzungu yule alikuwa na tumbo bovu na aliamini kikombe kidogo baada ya chakula. Kwa hiyo vitu viwili vilikuja kwa mzigo mmoja. Kimoja kikaitwa kitakatifu, kingine kikaitwa dhambi, na mpaka leo sijaambiwa ni nani aliyevigawa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ilipofika miaka ya shida, baada ya vita vya Uganda, mlima wetu ulikauka kila kitu cha dukani. Tulifua kwa majani ya mpapai. Sukari tuliisikia kwa waliofika Moshi. Na divai ya Meza ya Bwana nayo ikaisha. Tulisikia kuna mahali wanatumia maji ya choya, na kwingine wamesimamisha Meza kabisa mpaka mambo yatengemae. Vijana wetu walikuwa wamemaliza mafundisho ya kipaimara na hawakuwa na cha kunywa siku yao.

Mchungaji wa wakati ule, mtu mpole aliyeogopa kusumbua watu, alikuja kwetu mchana kweupe. Alifuatana na Mzee Melkizedeki, mzee wa kanisa. Walikaa, wakazungumza habari za mvua, wakazungumza habari za kahawa. Dada akawahurumia.

"Mchungaji," akasema, "unataka divai ya plamu au ya pichesi? Ya plamu ni nyekundu."

"Nyekundu itafaa zaidi, mama," mchungaji akajibu, akitazama miguu yake.

Mzee Melkizedeki ndiye aliyelibeba dumu begani mpaka kanisani. Tangu siku ile, miaka yote ya shida, damu ya Bwana katika usharika wetu ilitoka kwenye chungu cha Eliakunda. Haikuwa siri. Nani kati yetu hakujua ladha ya plamu aliyoiba utotoni? Watu walikunywa, wakafuta midomo, wakasema amina. Na wakati ule ule, wiki ile ile, chungu kile kile kilijaza pipa, na bomba likadondosha ile kali. Hakuna aliyelalamika.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya Same yakajaa mpaka bidhaa zikaning'inizwa nje. Zikaja nguo za mitumba, sabuni za kunukia, na brandi za ng'ambo zenye picha za wafalme, zilizopangwa rafuni mahali ambapo mtoto yeyote angeziona. Divai ya kanisa ikarudi, ya chupa, na lugha isiyosomeka ubavuni. Tukapata na mchungaji mpya, aliyehudumia mitaa mingi na kupanda kwetu mara moja kwa mwezi. Ndipo wazee walipokumbuka ghafla kwamba sisi tunatenda dhambi. Tuliitwa mbele ya baraza, dada na mimi. Melkizedeki, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa wazee, akatuambia tuache au tutengwe.

"Mlipokuwa na kiu mlijua njia ya kwetu," dada akamjibu.

Tukatengwa. Majina yetu yakasomwa kanisani, na kuanzia siku hiyo hatukusogea mezani. Mgambo nao walikuja mara kwa mara kututafutia bomba, hawakulipata. Dada hakutetereka. Alikwenda kanisani kila Jumapili kama kawaida, akaimba kwa sauti yake nene, na watu walipoinuka kwenda mezani alibaki amekaa, mgongo umenyooka. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira. Yeye hakulia.

Alikufa kwa kifua, katika majira ya plamu, matunda yakianguka nyuma ya nyumba bila wa kuokota. Siku za mwisho alikuwa akisikia kengele ya ibada na kugeuza shingo kuelekea kule. Kengele ile iliwalilia baba na mama yetu, ilimlilia mume wake, ilimlilia mtoto wake wa kwanza. Akaniambia, "Evaline, nataka na mimi inililie." Nikamwambia itakulilia. Kisha akanishika mkono. "Lakini usinitubie. Ukinitubia nitakuwa nimekufa muongo."

Dada yangu alitaka mambo mawili, na mambo hayo hayakai chungu kimoja. Kwa utaratibu wa usharika wetu, aliyekufa ametengwa hapigiwi kengele wala haombewi kaburini, mpaka ndugu asimame mbele ya watu atubu kwa niaba yake. Kila mtu pale mlimani analijua hilo. Wengi wametubia baba zao waliokufa na wake wawili, wametubia kaka zao waliokwenda kwa waganga, na mambo yakaisha, watu wakala ubwabwa.

Asubuhi ya mazishi walikuja Mzee Melkizedeki na mwinjilisti wetu, Evance. Huyu Evance ni kijana aliyekulia pale pale mtaani. Ndiye aliyeongoza ibada za kila wiki wakati mchungaji hayupo, ndiye aliyekaa na ufunguo wa mnara. Alinisalimu kwa adabu.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa."

Melkizedeki hakukaa. "Evaline," akaniambia, "tumelizungumza barazani. Utasimama mbele ya jeneza, utatubu kwa niaba ya marehemu na kwa niaba yako mwenyewe. Utaitaja dhambi kwa jina lake, kama utaratibu ulivyo. Utaleta lile bomba, livunjwe mbele ya watu. Kengele itapigwa hapo hapo, na Evance atamzika kwa heshima zote."

"Na nisipotubu?"

"Basi mtamzika wenyewe."

Nikamtazama vizuri. Sitaki mtu afikiri Melkizedeki alikuwa mnafiki wa kuchekwa. Mdogo wake alikufa kule mkongeni kwa gongo ya mtu asiyemwaga maji ya kwanza. Alipofuka kwanza, akafa akipapasa ukuta. Melkizedeki ndiye aliyekwenda kumchukua. Najua alichokiona, na nilimhurumia siku ile na ninamhurumia hata sasa. Lakini dada yangu hakumpofusha mtu, na huruma yangu si kamba ya kunifungia.

Kaka yetu Eliufoo, mkubwa wa ukoo, alinivuta pembeni mwa ghala. Alikuwa amechoka, macho mekundu.

"Sema tu, Evaline. Maneno hayavunji mfupa. Watu wametoka mbali, wengine wamepanda tangu alfajiri kutoka Gonja. Unataka dada azikwe kimya kama mbwa?"

"Sitaki."

"Basi tubu."

"Alinikataza."

"Marehemu hasikii!"

"Mimi nasikia," nikamwambia, na nikamwacha pale.

Niliingia ndani, nikakaa kitandani kwake. Nitasema kweli, nilikaribia kukubali. Nilijaribu hata kuyapanga maneno mdomoni: mimi Evaline, kwa niaba ya dada yangu, naitaja dhambi kwa jina lake. Nikakwama hapo. Jina lake nani? Utaratibu wao unasema dhambi itajwe kwa jina, yote, bila kufunika. Na dada yangu kosa lake lilikuwa na majina mangapi? Nikavua viatu, nikatambaa uvunguni, nikalifukua bomba udongoni lilipokuwa, mahali ambapo mgambo wa wilaya nzima hawakupafikiria. Nikalifuta kwa kanga yangu mpaka shaba ikang'aa. Nikachukua na nyundo.

Nilipotoka uani watu walinipisha njia. Uani palijaa, na waliokosa nafasi walisimama mpaka kwenye migomba. Niliona Eliufoo akishusha pumzi. Wanawake wengine walianza kulia kwa afueni, wakijua sasa mambo yanaisha. Nikaliweka bomba miguuni pa Mzee Melkizedeki na nyundo juu yake, nikaenda kusimama kichwani pa jeneza.

"Nimeambiwa niitaje dhambi kwa jina lake," nikasema. "Nitaitaja."

"Sema, mama," mtu mmoja akanitia moyo.

"Dada yangu Eliakunda alipika plamu. Alizitia kwenye chungu kile pale, mnakiona, hatujawahi kuwa na kingine. Juu ya chungu alichota divai, akaitia kwenye dumu, ikaenda kanisani. Chini ya chungu alichota divai, akaitia kwenye pipa, ikawa ile mnayoiita gongo. Mikono ilikuwa miwili tu, ya kwake. Kama mikono ile ilikuwa michafu, ilikuwa michafu juu na chini. Kwa hiyo naitaja dhambi yote. Dhambi ya kwanza, ile ya pipa. Dhambi ya pili, Meza ya Bwana ya usharika huu, miaka yote ya shida."

Watu wakaguna. Melkizedeki akainua mkono. "Hilo halihusiki! Divai si gongo, Evaline. Unajua."

"Gongo ni divai iliyopanda ikashuka, Mzee. Kama mzazi mwovu, basi na mtoto. Kama mzazi mtakatifu, niambieni mtoto alikosea wapi njiani. Mimi nafuata utaratibu wenu, sifichi kitu. Natubu yote. Ila siwezi kutubu peke yangu kwa kikombe nilichonyweshana na nyinyi." Nikawageukia watu. "Waliobeba dumu watubu. Waliokunywa watubu. Waliopata kipaimara kwa plamu za Eliakunda wasogee hapa, wasimame na mimi, tutubu pamoja, kisha Mzee avunje bomba. Asiyekuja, basi anasema haikuwa dhambi. Na kama haikuwa dhambi, mpigieni dada yangu kengele!"

Hapakuwa na aliyesogea. Eliufoo alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili. Nikamgeukia mwinjilisti, kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwake na sikuwa na muda wa kuzunguka.

"Evance, mwanangu. Kipaimara chako kilikuwa miaka ile. Ulikunywa nini?"

Akamtazama Melkizedeki. Kazi yake, nyumba aliyolala, barua ya kwenda chuo cha uchungaji aliyokuwa akiisubiri, vyote vilikuwa mikononi mwa mzee yule. Nililijua hilo nilipomuuliza, na nilimuuliza hivyo hivyo.

"Evance," Melkizedeki akasema taratibu, "hulazimiki kujibu."

"Plamu," Evance akajibu.

"Na ilikuwa nini?"

"Ilikuwa damu ya Bwana, mama. Niliamini hivyo. Bado naamini."

Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba. Alimpa Melkizedeki kitabu cha ibada ashike, akapita katikati ya watu, akaondoka kwa kasi akishuka njia ya kanisani. Melkizedeki akamwita mara ya kwanza kwa jina lake, mara ya pili kwa cheo chake. Hakugeuka. Tukabaki tumesimama, hatujui tutazame wapi, mpaka kengele ikalia.

Ililia ile milio mirefu, yenye kituo katikati, inayopigwa kwa mtu wa kundi. Wanawake wakapokea kwa wimbo kabla haijanyamaza. Mimi nikakaa chini kwenye udongo kando ya jeneza, nikalia kilio changu chote cha miaka ile, na sikumwonea mtu haya. Eliufoo akanishika bega. Mkono wake uliniambia amesikia.

Mzee Melkizedeki alikuwa bado ameshika kitabu. "Imepigwa bila ruhusa ya baraza," akasema.

"Basi nenda ukaizuie," nikamwambia kutoka pale chini.

Hakwenda. Aliliruka bomba bila kuligusa, akatafuta kofia yake, akaondoka zake kwa njia ya juu. Evance alirudi anahema, akachukua kitabu mahali kilipoachwa, akamzika dada yangu kwa maneno yote yanayostahili, mavumbi kwa mavumbi, hakuruka hata moja.

Walimsimamisha kazi ndani ya wiki hiyo hiyo. Ilipofika Jumapili ya Meza ya Bwana, mchungaji alipanda na pikipiki yake, akasoma majina ya waliotengwa, la Evance baada ya langu. Kijana alitoka mbele, amevaa shati la kawaida, akaja kukaa na mimi benchi la nyuma. Nilitaka kumwomba radhi kwa barua yake ya chuo, nikashindwa nianzie wapi. Nikampa nafasi tu, na kitabu cha nyimbo.

Mchungaji akaibariki divai. Ilikuwa nyingi, jagi zima, kwa sababu usharika wetu ni mkubwa na siku hiyo ulijaa. Akageuka, akatukaribisha. Mzee Melkizedeki akainuka, akatembea mpaka mbele, akapiga magoti. Nyuma yake hakuna aliyemfuata. Mchungaji akakaribisha tena, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hatukusikia. Waliopata kipaimara miaka ya shida walikuwa wamekaa. Mama zao walikuwa wamekaa. Wazee wawili wa baraza wenyewe walikuwa wamekaa, wanatazama dari. Hakuna aliyepanga, mimi sikumwambia mtu. Wimbo tu ndio ulikuwa unaendelea, na tulipomaliza beti tulizirudia.

Sasa, divai iliyokwisha kubarikiwa haimwagwi wala hairudishwi chupani. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo alivyofundishwa mchungaji. Inayobaki mchungaji huinywa mwenyewe pale pale altareni. Alimnywesha Melkizedeki, kisha akatugeuzia mgongo akaanza kunywa. Akanywa kikombe, akamimina, akanywa kingine. Sisi tunaimba. Jagi halikuwa linataka kuisha. Alipogeuka mwishowe kutupa baraka uso ulikuwa unang'aa, na alikuwa ameishika mimbari kwa mikono yote miwili. Kwa kawaida huwa anasema baraka iwe juu ya wote walioshiriki. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito, akafupisha, akasema iwe juu ya wote.

Nikaitikia amina, na Evance akaitikia, tukasikika mpaka barabarani.